Kongwa, zabibu na andalio langu la somo

Jumamosi nilikwenda Kongwa na mwenzangu wa chumbani, ndiko kwao. Bumu limeshakata, nauli kanilipia yeye (nitamrudishia, anasoma hapa).

Kutoka Dodoma mnashika barabara ya Morogoro, mnapita Chinangali kwenye mashamba ya zabibu, halafu pale Mbande mnaiacha barabara kuu. Njiani nikanunua zabibu za kumpelekea bibi yake. Mji wenyewe umetulia kweli. Huwezi kudhani kwamba mwaka 1947 Waingereza walianzia hapa ule Mradi wa Karanga, wala kwamba miaka ya 1960 wapigania uhuru wa FRELIMO, SWAPO na ANC walikuwa na kambi hapa.

Sasa bwana, mwezi ujao natoka kwenda mazoezi ya kufundisha, na somo langu la kwanza ni kilimo cha wakoloni, kidato cha tatu. Nikabeba daftari nikidhani nitapata picha mbili tatu za kuwaonyesha wanafunzi. Baada ya ugali na mlenda, rafiki yangu akalichukua, akaanza kumsomea bibi kwa mbwembwe. Akafika kwenye sababu za mradi kushindwa: ukame, udongo mgumu, na namba tatu, "wenyeji kukosa utaalamu wa kilimo".

Bibi akaacha kula zabibu.

"Mjukuu wangu, hiyo umeandika wewe?"

Nikasema ndiyo, bibi. Jamani, sauti haikutoka.

Baba yake alikuwa kibarua pale, akikata vichaka. Yeye alikuwa binti mdogo tu. Anasema wazee walijua mvua za huku zinakatika ghafla, ndiyo maana walilima mtama na uwele. "Nani alimwuliza baba yangu? Walimpa panga."

Nikabaki natazama miguu yangu. Namba tatu sikuitoa kichwani, niliikopi kwenye notsi za kaka mmoja wa mwaka wa tatu, naye sijui alikopi wapi. Wakati ukweli wenyewe ni kwamba wataalamu wa Uingereza walipanga ekari 150,000 mwaka wa kwanza, wakaishia kupanda kama 7,500. Walileta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, yakavunjikia kwenye mibuyu na mizizi. Kiangazi ardhi ikawa kama saruji. Hadi wanafunga mwaka 1951 zilikuwa zimepotea pauni milioni 36 hivi. Halafu mimi namwandika kibarua!

Zabibu zenyewe zililetwa na wamisionari pale Bihawana, zikakubali. Jua hili hili, zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Bibi anasema ni chachu, lakini kamaliza bakuli.

Wakati wa kuaga akaniuliza: "Ile namba tatu utaifuta?" Nikamwambia nimeshaifuta. Uongo, niliifutia kwenye basi.

Haya, niwahi foleni ya chakula. Zabibu zimebaki kidogo, aliye jirani apite kabla ya saa mbili.