Mtaimbo, Panga na Mizani

Wako wazazi wengi wanaoamini ya kuwa sayansi ni elimu ya chupa na moto wa gesi, na ya kuwa shule isiyokuwa na vyombo hivyo haiwezi kuifundisha. Mimi ni karani wa serikali wala si mwalimu, lakini kila Jumamosi jioni huwasaidia vijana wa sekondari wakaao jirani nami, nami nimeona ya kuwa vyombo vya kwanza vya elimu hii vimo mashambani mwetu.

Tutazame kwanza wenzo. Katika shule ya misheni niliyosoma tuliikariri kanuni yake kama wimbo: uzito wa mzigo mara umbali wake kutoka kwenye egemeo ni sawa na nguvu ya mkono mara umbali wake. Tulifaulu mtihani, lakini hapana aliyetuambia tutwae mtaimbo tukang'oe jiwe. Vijana wangu huanza na jiwe lenyewe. Jiwe la kilo 200, egemeo likiwa sentimita 20 kutoka kwake na mkono sentimita 160 upande wa pili, huinuliwa kwa nguvu ya kilo 25 tu. Kijana mwembamba huliinua, akacheka. Kisha namwuliza faida hiyo imetoka wapi. Hupima, akaona ya kuwa mkono wake umeshuka sentimita 8 ili jiwe lipande sentimita 1. Hapo hufahamu ya kuwa wenzo hautoi kitu bure. Aongezewaye nguvu hupunguziwa mwendo.

Habari ya mkandamizo ni vivyo hivyo. Mtu wa kilo 60, nyayo zake zikigusa ardhi sentimita za mraba 300, kila sentimita hubeba gramu 200. Akisimama juu ya visigino vyembamba vya sentimita 2 za mraba, kila moja hubeba kilo 30, na sakafu ya udongo hutoboka. Ndiyo sababu twanoa panga: kunoa hakumwongezei mtu nguvu ya mkono, ila hupunguza mahali nguvu hiyo inapokaa. Na mama anayeona maharagwe yakikawia kuiva Nairobi kuliko Mombasa asilaumu kuni; huku juu hewa hukandamiza kidogo, na maji huchemka kabla ya kufikia digrii 100.

Lakini somo lililo karibu zaidi na mfuko wa mkulima ni la mizani. Miaka michache iliyopita mzee mmoja, jirani yetu, alipeleka gunia la maharagwe kwa mnunuzi mwenye mizani ya mikono miwili. Mawe yalionyesha kilo 81. Mzee alisema ya kuwa gunia hili hujaa kilo 90 kila mwaka. Mnunuzi akamjibu, "Mzee, tazama mwenyewe, mizani ikiwa tupu husimama sawa." Ilikuwa kweli. Hapo mmoja wa vijana wangu akasema kwa adabu, "Bwana, twaomba gunia liwekwe upande wa mawe, na mawe upande wa gunia." Mnunuzi alikataa, kisha, watu walipokusanyika, akakubali. Mawe yakasoma kilo 100.

Vijana walipima mikono ya chuma kile: mmoja ulikuwa sentimita 45, wa pili 50, na sahani ya upande mfupi ilikuwa nzito zaidi. Kwa hiyo mizani tupu ilisimama sawa, nayo ilidanganya kila ilipobeba mzigo. Mwingine alitaka kujumlisha 81 na 100 na kugawa kwa mbili; mwenzake akamrekebisha ya kuwa huzidishwa, 81 mara 100 ni 8,100, na kipeuo chake cha pili ni 90. Mnunuzi aliapa ya kuwa fundi ndiye aliyekitengeneza chuma kile kilipovunjika, nami siwezi kusema vingine. Alilipa kilo 90. Walakini magunia yaliyopimwa hapo zamani hayakurudi, wala hapana ajuaye yalikuwa mangapi.

Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, yataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa mhuri. Sheria ni njema, lakini afisa hawezi kusimama kila soko kila siku. Kijana ajuaye kanuni ya wenzo aweza kusimama hapo pamoja na baba yake.

Basi, walimu wetu, fundisheni kanuni, kwa maana mtihani wazitaka. Kisha watoeni wanafunzi nje wazione zikifanya kazi. Nanyi wazazi, mtoto akiomba kuazima mtaimbo au mizani ya nyumbani, msimwambie anacheza. Siku ya kuuza mazao mwendeni naye sokoni.