Samaki wa Ikola Wanaishi Berlin

Ingia duka kubwa la samaki wa mapambo hapa Berlin, pitiliza hadi upande wa Afrika, kisha usome vibandiko kwenye vioo. Utakuta Ikola. Utakuta Kipili, Utinta, Karilani, na Maswa (si ile ya Simiyu). Ni majina ya mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, na wafugaji wa huku huyataja kama sisi tunavyotaja mchele wa Kyela, kwa sababu samaki wa aina moja hubadilika rangi kutoka mwamba hadi mwamba, na bei hufuata rangi. Mzee mmoja kwenye foleni, aliposikia natoka Tabora, hakuniuliza habari za Serengeti. Aliniuliza kama nimewahi kufika Ikola. Sijafika.

Mimi samaki wa ziwa lile niliwajua kwa gunia. Dagaa wa Kigoma walifika Tabora kwa treni, kilomita kama 400, wakapimwa kwa kopo sokoni na kuungwa na karanga nyumbani. Kwamba huko walikotoka huwa hai, tena kwa makundi yanayogeuka pamoja kama amri imetolewa, ni jambo nililolijua bila kulifikiria.

Huku somo la kwanza ni hesabu. Muuzaji hakupi samaki kabla hajajua tangi lako ni la lita ngapi, maji yake yana ugumu gani, na ndani wanaishi nani. Ukitaka neoni wawili, wale wadogo wa Amazon wenye mstari wa bluu, atakwambia chukua kumi au acha. Samaki wa kundi akiwekwa peke yake hupauka rangi, hujibanza nyuma ya mawe na huenda akasusa chakula. Ujasiri wake wote ameuazima kwa majirani. Ulinzi wa wanyama umo kwenye Katiba ya Ujerumani tangu 2002, na mji wa Roma ulikwenda mbali zaidi mwaka 2005 ukapiga marufuku kufuga samaki kwenye bakuli la mviringo. Mwanzoni niliona huo ni udekezaji wa watu walioshiba. Bado naona hivyo kidogo.

Lakini kuhusu maji wako sahihi. Tangi jipya huachwa wiki kadhaa likiwa na chujio tu, mpaka waote bakteria wa kugeuza amonia, yaani sumu itokayo kwenye taka za samaki, kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na mwisho naitreti ambayo samaki huivumilia. Baada ya hapo kila wiki unatoa kama robo ya maji na kutia mapya. Asiye na subira ya kutazama maji matupu kwa mwezi mzima asianze.

Tangi langu ni la lita 450, na mwenye nyumba alitaka kwanza kujua sakafu yake inabeba kilo ngapi. Chini wanaishi multifasiatasi, samaki wa sentimita tatu nne, ambao kila mmoja ana gamba lake tupu la konokono la kujificha na kuzalia. Juu yao linaogelea kundi la siprikromisi, wembamba, madume wengine wakiwa na mkia wa bluu na wengine wa njano hata kama wamezaliwa tumbo moja. Jike huatamia mayai mdomoni kwa wiki tatu hivi na wakati huo hali karibu chochote. Mama yangu, nilipomwonyesha kwa simu, alitazama muda mrefu.

“Sasa mwanangu, hao wanaliwa lini?”

“Hawaliwi, mayu. Ni wa kutazama.”

“Na umeme wote huo?”

Hapo alinishika. Majira ya baridi hita na taa za tangi hufanya kazi mfululizo, na bili inajieleza yenyewe.

Tusidhani hata hivyo kwamba huku ndiko wanakowajua samaki na kwetu hawajulikani. Mvuvi wa Kigoma anajua kundi kuliko mfugaji yeyote wa Berlin. Anajua kwamba mbalamwezi ikiwaka kazi hailipi, anasubiri giza, anawasha taa juu ya maji, wadudu wadogo wa majini wanaifuata nuru na dagaa wanawafuata wadudu, kisha wavu unainuliwa. Anajua kundi likipanda na likizama. Asichojua, wala hana sababu ya kukijua, ni dagaa mmoja. Mjerumani wangu wa foleni anamjua samaki mmoja mmoja hadi tabia, ila mwezi hana habari nao. Na kwetu pia kundi limeanza kupewa haki yake: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Watu walilalamika, na njaa ya miezi mitatu si maneno, lakini mimi naunga mkono hatua hiyo.

Hata magamba ya konokono yana historia inayopita kwetu. Multifasiatasi ziwani huishi kwenye magamba ya konokono aitwaye neothauma, yaliyolala chini kwa eneo kubwa. Huku hayapatikani kirahisi, kwa hiyo tunawawekea magamba ya konokono wa Kifaransa, wale wa mgahawani. Sasa mpelelezi Mwingereza Speke, alipokuwa akirudi kutoka Ujiji mwaka 1858 pamoja na mwenzake Burton, alipita Kazeh, yaani Tabora, akiwa na magamba aliyoyaokota ziwani. Yalifika London, na mwaka 1859 mwanasayansi Woodward akayaandika kisayansi. Baadaye wataalamu walibishana kwa miaka juu ya asili yao, kwa kuwa konokono wengi wa ziwa hilo wanafanana na wa baharini. Njia ileile ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipitisha na hayo, pengine mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Pale Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone, sijasikia mtu akiyataja.

Ninachosema ni kwamba samaki hawa wangefugika Tabora kwa gharama ndogo kuliko Berlin. Hita ingehitajika hasa usiku wa Juni na Julai. Maji ya bomba, ambayo siku hizi yanatoka Ziwa Victoria, ni laini kwa samaki wa Tanganyika waliozoea pH inayokaribia 9, lakini mawe ya chokaa au magamba yaliyopondwa ndani ya chujio yanarekebisha hilo. Klorini huondoka maji yakikaa siku nzima kwenye ndoo wazi. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya betri inatosha iwapo hukujaza samaki kupita kiasi. Na kuwasafirisha kutatushindaje? Dagaa wachanga wa Tanganyika, viumbe dhaifu wanaokufa ukiwagusa, walipandishwa ndege mwaka 1967 na 1968 wakapelekwa Ziwa Kariba, na leo huko wanavuliwa kwa tani. Samaki wa sentimita nne hashindwi na treni ya Kigoma.

Dagaa wenyewe usiwajaribu nyumbani. Anza na multifasiatasi, tangi la lita 60, mchanga na magamba, na ununue kwa mwenye leseni. Usiende kuzoa ziwani. Na kama wewe ni mwalimu wa baiolojia katika shule yoyote ya Tabora na una kona ya darasa isiyopigwa na jua, niandikie hapa chini. Vipimo vya maji na sponji za chujio nitavituma.