Barua kutoka Virginia: Mauser kwenye kabati la kioo



Huku Virginia maduka ya bunduki ni mengi, na mimi huyapita bila hata kugeuza shingo. Hili nililoingia juzi ni la aina nyingine. Unabonyeza kengele, wanakutazama, ndipo wanakufungulia. Ndani kuna zulia, viti vya ngozi, na mzee mwenye tai anayekukaribisha kahawa kabla hujasema umefuata nini. Bunduki zimelazwa kwenye makabati ya kioo yenye taa, kama vidani vya sonara. Anayetaka kuishika moja hupewa glovu nyeupe, maana jasho la kiganja huleta kutu.

Wateja hapa si wawindaji. Ni wakusanyaji, wengi wao wastaafu wenye fedha, na wanachokifuata ni namba. Bunduki za kijeshi za zamani ziligongwa namba kipande kwa kipande, mara nyingine hadi kwenye skrubu. Namba zote zikilingana, bei inapaa. Kipande kimoja kikiwa kimetoka kwenye bunduki nyingine, inaporomoka. Na ole wake anayepiga msasa kitako ili kipendeze! Yale makovu ndiyo yanayolipiwa.

Nilimuuliza mzee kama ninaweza kununua hivihivi, mgeni asiye na kibali chochote. Akacheka, akasema inategemea mwaka. Sheria ya shirikisho ya 1968 inahesabu bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla yake kuwa kitu cha kale, nje ya masharti mengi ya silaha, ingawa baadhi ya majimbo yana ukali wao. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka walipouawa Martin Luther King na Robert Kennedy. Lakini mjadala wake ulianza miaka mitano nyuma, Rais Kennedy alipopigwa risasi kwa Carcano, bunduki ya jeshi la Italia iliyokwisha kutupwa, ambayo Lee Harvey Oswald aliiagiza kwa posta. Posta, jamani.

Ule mwaka 1898 ulinikaa kichwani hadi nilipofika kabati la mwisho. Hapo ilikuwepo Mauser ya modeli ya 1871, kazi ya kiwanda cha Spandau, bei dola 1,450. Kadi yake ilieleza kipenyo cha mtutu, milimita 11, hali ya mbao, na kwamba namba zinalingana. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: bunduki za aina hii zilitumika pia Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Zilitumika, ndiyo. Hutia risasi moja moja, na baruti yake nyeusi hutoa wingu la moshi linalomwonyesha adui ulipojificha. Ulaya ilipopata baruti isiyo na moshi, miaka ya 1880, silaha hii ikawa ya kizamani, ikafaa kwa askari wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani koloni. Mwaka 1914, Waingereza walipovamia Tanga, wengi wa askari hao walikuwa bado wanaibeba. Tayari Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umezuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Mwenyeji aliachiwa gobori, tena kwa masharti. Ndiyo maana waliopigana na Wajerumani katika Vita vya Majimaji walikwenda na mikuki na magobori mbele ya bombomu, bunduki za rashasha.

Wahehe hawakungoja mkataba uwaruhusu. Agosti 17, 1891, pale Lugalo, walimuua Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na kuuvunja msafara wake, wakaondoka na bunduki zipatazo 300. Mkwawa, mtawala wao, alipigana miaka saba baada ya hapo. Alijipiga risasi Julai 1898, mwaka uleule ambao sheria ya Marekani imeuwekea mpaka. Kila bunduki iliyotengenezwa na kumfuata Mkwawa enzi za uhai wake, huku ni pambo la sebuleni.

Nilimuuliza mzee kama hii ya kwake iliwahi kufika kwetu, na ilimpiga nani. Alijibu kwa adabu kwamba karatasi zake hazisemi. Simlaumu, anajua chuma kuliko ninavyokijua mimi, na hakunidanganya ili auze. Ila nadhani duka linaloweza kukwambia skrubu ipi si ya asili lingeweza kuongeza mstari mmoja kuhusu Lugalo kwenye ile kadi. Mnunuzi wa dola 1,450 anastahili kujua anachotundika ukutani.

Najua mjomba ataniuliza kama naweza kumletea moja ya kumbukumbu. Hapana, mjomba. Huku inaitwa kitu cha kale. Kwetu hata gobori la babu linahitaji kibali cha polisi, na asiyekuwa nacho analala ndani. Ukitaka kumbukumbu, panda basi hadi Iringa, halafu Kalenga. Fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, lilirudishwa huko 1954.