Mpiga Santuri wa Bronx na wa Manzese

Tangu nihamie New York nimepita mara kadhaa mbele ya jengo nambari 1520, Sedgwick Avenue, huko Bronx, ambamo usiku wa tarehe 11 Agosti 1973 binti aitwaye Cindy Campbell aliandaa dansi ili apate fedha za nguo za kufungulia shule, akawatoza wasichana senti 25 na wavulana senti 50, na kaka yake Clive, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, mwenye lakabu ya Kool Herc, akapiga santuri. Huyu Clive alikuwa na jicho kali kwa wachezaji. Alibaini kwamba aghalabu waliingoja ile sehemu fupi ambapo waimbaji hunyamaza zikabaki ngoma peke yake, basi akatwaa nakala mbili za santuri moja, na sehemu ile ikiisha katika hii akaidaka katika nyingine, hata nukta chache zikawa dakika.

Kila nikiikumbuka habari hiyo moyo hunipeleka Manzese, Dar es Salaam, ambako vijana wa muziki wa singeli nao walitwaa vipande vya taarabu visivyo na sauti ya mwimbaji, wakavizungusha na kuvikimbiza hadi kupita mapigo 200 kwa dakika, mghani akamwaga maneno yake juu ya vipande hivyo.

Lakini katika kumbi za huku nilizoingia, dijei yuko jukwaani, watu wamemkabili yeye badala ya kukabiliana wao kwa wao, na kumwendea kumwomba wimbo huhesabiwa utovu wa adabu. Simnyimi heshima yake, maana kazi hii ni elimu tangu dijei Grandmaster Flash alipozitia santuri zake alama za krayoni ili ajue sindano itue wapi. Ila naamini kwa dhati kwamba lile jicho la Herc limesalia zaidi kwetu, ambako mwenye shughuli ndiye anayelipa na jirani huingia bure.

Namkumbuka dijei mmoja katika kigodoro, yaani sherehe ya usiku, cha mtaani kwetu, ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, kompyuta yake amekwisha kuisitiri na vumbi kwa kanga. Shangazi wa bibi harusi alimwendea, akaweka noti ya elfu mbili mezani, akasema, "Mwanangu, rudisha pale pale."

"Haya, mama," akaitikia kijana, akarudisha mara tatu, macho yake hayabanduki miguuni mwa mama yule.