Safari ya Mkunazini: Watoto Waimbapo Palipouzwa Watoto

Mwezi huu twawaletea habari za safari yetu ya Unguja pamoja na watoto waimbaji wa kanisa letu. Tena twataka kusema neno juu ya jambo ambalo kila mzazi alijua moyoni, ingawa halisemi sana, yaani ile fahari aionayo mtoto wake anaposimama mbele ya watu na kuimba. Wako wasemao kwamba fahari hiyo ni majivuno, yafaa kukomeshwa. Wako na wengine waiachao ikue bila kipimo. Sisi twaona ya kuwa ni kitu chema, lakini chataka kufunzwa, kama sauti yenyewe ifunzwavyo.

Tulikuwa watoto 24, mwalimu wao, na wazazi 9. Tuliondoka kwetu Bonde alfajiri kwa basi, tukalala Dar es Salaam, na siku ya pili, Jumamosi, tukapanda meli. Njia ya bahari ni kama saa 2 tu, lakini wengi wa watoto hawajapata kupanda chombo, na mawimbi yakawapa kazi. Waliotapika walinyamaza, wasiotapika waliimba mpaka abiria wengine wakageuka kuwatazama.

Katika meli hiyo wazazi walikuwa na maneno. Mwalimu alikuwa amemchagua mvulana mmoja wa miaka 10 aimbe ubeti mmoja peke yake. Mtoto huyo ni yatima, analelewa na bibi yake mzaa mama. Nauli yake ilichangwa na kanisa; nauli ya bibi haikupatikana, naye akabaki nyumbani. Mtoto wetu sisi aliwekwa safu ya nyuma, katika sauti ya pili. Basi mzazi mmoja akasema, "Sisi tumelipa nauli za watoto wetu, na aliyekuja bure ndiye aimbe peke yake?" Mwalimu akajibu kwa upole, "Ndugu yangu, sauti haina nauli." Watu wakanyamaza, lakini kunyamaza si kuridhika.

Tulishuka bandarini, tukapita vichochoro vya Mji Mkongwe hata tukafika Mkunazini. Jina hili ni la mti wa mkunazi. Lakini kwa miaka mingi mahali hapa palijulikana kwa jambo jingine, kwa kuwa hapa ndipo palipokuwa soko la watumwa. Watu waliotekwa mbali bara waliletwa hapa, watu wazima na watoto, wakasimamishwa safu. Wanunuzi waliwatazama meno, wakawatembeza mbele na nyuma, wakabishana bei. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba, na soko likafungwa. Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana, mwaka ule ule, wamisionari wa UMCA waliweka jiwe la msingi la kanisa katika uwanja wa soko lenyewe.

Aliyelijenga kanisa hilo ni Askofu Edward Steere, yule aliyefanya kazi kubwa ya kukiandika Kiswahili na kutafsiri Maandiko. Alitaka paa la zege, lenye umbo la pipa lililopasuliwa katikati. Watu wengi waliogopa kwamba litawaangukia, lakini paa limesimama. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Husemwa kwamba altare hiyo iko pale pale uliposimama mti wa kuwafungia watumwa na kuwapiga, na katika sakafu iko alama ya mviringo ya kupakumbusha. Uko pia msalaba uliochongwa katika mti wa Chitambo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873.

Nje ya kanisa liko shimo, na ndani yake zimesimama sanamu 5, watu waliofungwa minyororo shingoni. Zilitengenezwa katika miaka ya 1990 na Clara Sörnäs, mwanamke wa Sweden. Watoto walisimama ukingoni kimya. Kisha binti mdogo katika waimbaji wetu akauliza, "Mwalimu, mama zao walijua walikopelekwa?" Mwalimu akajibu, "Wengi hawakujua, mwanangu." Hapakuwa na swali jingine.

Hapo tulikumbuka habari nyingine ambayo walimu wetu wa zamani walitusimulia chuoni. Mwaka 1864, Askofu Tozer na Steere walipofika Unguja, Sultani Majid aliwakabidhi wavulana 5 waliotolewa utumwani. Hao ndio walikuwa mwanzo wa shule ya misheni pale. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Twafikiri juu ya wavulana wale siku ya kwanza walipofundishwa kuimba. Bila shaka walikosea, wakacheka, wakaanza tena, kama watoto wote. Lakini hakuna baba aliyeketi bencini kuwasikiliza. Hapakuwa na mama wa kusema, "Yule ni wangu." Kama yuko aliyewaonea fahari, alikuwa mtu asiyewazaa.

Jioni ile watoto walifanya mazoezi ndani ya kanisa. Walimu wenzetu, mtapenda kujua mambo mawili tuliyojifunza. La kwanza, nyumba ya mawe yenye paa la mviringo hurudisha sauti. Mtu akiimba upesi, neno la kwanza hukutana na neno la tatu, na msikilizaji hapati hata moja. Mwalimu aliwapunguzia mwendo, akawaagiza watamke mwisho wa kila neno. La pili, neno la Kiswahili huwa na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, lakini tuni nyingi tulizozipokea kutoka Ulaya zilitungwa kwa lugha nyingine. Basi mara nyingi nguvu ya tuni huanguka pasipo mahali pake. Mwimbaji asiyeangalia hulikaza neno "Bwana" mwishoni, nalo likawa kama neno geni. Dawa yake ni kuwasomesha watoto maneno kwanza, wayaseme kama wasemavyo nyumbani, ndipo waingie katika tuni.

Jumapili kanisa lilijaa. Watoto walisimama katika kanzu zao nyeupe zilizofuliwa usiku na akina mama, nyingine zikiwa bado na unyevu kolani. Walipoanza, sisi, kama wazazi wote, tulitega sikio kuitafuta sauti ya mtoto wetu. Hatukuipata. Tulimwona kinywa chake kikifunguka, lakini sauti yake ilikuwa imeingia katika sauti za wenzake kama chumvi iingiavyo katika mchuzi. Huioni, lakini ikikosekana kila mtu atajua. Tukaona kwamba hii ndiyo kazi ya kwaya, na kwamba mtoto aliye safu ya nyuma, ashikaye sauti yake sawasawa bila kutambuliwa, amefanya jambo kubwa.

Kisha wote wakanyamaza, na yule yatima akaimba ubeti wake. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa safi, na paa lile likaipokea na kuirudisha. Alipokuwa akiimba, tulimwona akitembeza macho katika mabenchi, kama mtoto amtafutaye mtu. Ndipo yule mzazi aliyenung'unika melini akainuka kidogo mahali pake, akaitikia kwa kichwa, taratibu, hata mtoto akamwona. Macho yake yakatulia, akamaliza ubeti. Hatukumwuliza mzazi yule neno, wala yeye hakutuambia.

Tuliporudi Bonde tulikwenda kwa bibi. Kijana mmoja alikuwa amekwisha kumsikilizisha wimbo katika simu, lakini bibi alitaka kuambiwa na mtu. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, mwalimu. Alisikika?"

"Alisikika, bibi, mpaka mlangoni."

"Hakuogopa?"

"Aliogopa kidogo mwanzo, kisha hakuogopa."

"Na alikuwako mtu wa kumtazama?"

Tukamwambia, "Tulikuwako, bibi. Sote tulimtazama." Akashusha pumzi, akaenda kututafutia kiti.

Wapendwa, katika soko lile la zamani mtoto alitazamwa ili ajulikane thamani yake kwa fedha. Katika kanisa lililojengwa juu yake mtoto hutazamwa ili ajue kwamba ana watu wake. Kutazama ni kule kule kwa macho, ila nia imegeuka. Basi fahari ya mzazi nayo yaweza kwenda njia mbili. Ikipima watoto, huyu mbele na huyu nyuma, huyu ana nauli na huyu hana, inarudia kutia bei. Ikimfurahia mtoto kwa kuwa ameimba, na ikawa pana hata ikamfikia mtoto wa jirani, huyo mtoto atakua akijua kwamba si mali ya mtu, bali ni wa watu.

Kwa hiyo twawaomba wazazi: watoto wenu waimbapo, nendeni mkawasikilize. Msiseme shamba limewazuia kila mara, maana mtoto huwahesabu waliokuja. Mkifika, mtafuteni kwa macho na yule asiye na mtu pale, mwonyesheni kwamba mmemwona. Nanyi walimu, chagueni sauti kwa sauti, msichague kwa mkoba wa baba. Tena mkichanga nauli ya yatima, changeni na ya bibi yake. Sisi huku tumekwisha kuanza kuweka akiba kwa safari ijayo, na kiti cha kwanza ni chake.