Mpishi wa Merca na Kazi ya Kuchanja Watu

Watu wengi wanenapo habari za chanjo hudhani kwamba mtu akataaye kuchanjwa ni mtu asiyejua kusoma, tena akaaye mbali na hospitali. Kwa sababu ya dhana hiyo, mara nyingi wazazi hukemewa na kutishwa, kana kwamba woga ni kosa la kupigiwa faini. Lakini mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida hakukaa mbali na hospitali. Alikuwa mpishi wa hospitali. Tena alikuwa amepata kufanya kazi kwa muda mfupi pamoja na wachanjaji wenyewe. Jina lake lilikuwa Ali Maow Maalin, mkazi wa Merca, mji wa pwani ya Somalia, naye alikuwa kijana wa miaka 23. Habari zake zafaa kufikiriwa na kila mzazi, na zaidi na kila mtumishi ambaye kazi yake ni kuwashawishi wazazi.

Vijana wa siku hizi hawaijui ndui, na hiyo ni baraka. Wazee waliiona. Ndui iliyo kali iliua watu wapatao 3 katika kila wagonjwa 10. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka. Dawa ya kuizuia ilijulikana zamani, tangu Mwingereza Edward Jenner alipofanya majaribio yake mwaka 1796, lakini ilipofika mwaka 1967 maradhi hayo yalikuwa bado yakishika watu yapata milioni 10 hadi 15 kwa mwaka. Mwaka huo ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoanza kazi kubwa ya kuing'oa ndui na mizizi yake. Vitu viwili vilirahisisha kazi hiyo. Kwanza palikuwa na dawa iliyokaushwa, ambayo haikuharibiwa upesi na joto la nchi zetu. Pili palikuwa na sindano yenye ncha mbili, mfano wa uma mdogo, ambayo mtu aweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi sana.

Hapo awali ilidhaniwa kwamba njia ya pekee ni kuchanja karibu watu wote. Lakini huko Nigeria, mwishoni mwa mwaka 1966, dawa ilikuwa haba, ikabidi watumishi watafute kwanza mahali wagonjwa walipo, kisha wachanje watu wote waliowazunguka. Maradhi yakakoma. Mkulima aweza kuelewa jambo hili upesi, maana moto wa nyika ukiwaka hawezi kumwagia maji nyika nzima. Hufyeka majani pande zote, na moto ukifika hapo hukosa cha kula.

Njia hiyo ni nzuri, ila ina sharti moja, nalo ni kwamba mgonjwa ajulikane alipo. Serikali yaweza kununua dawa, kulipa mishahara na kutuma motokaa, lakini haiwezi kuona ndani ya kila nyumba. Anayejua kwamba mtoto amelala ndani na vipele mwilini ni mama yake, na jirani yake, na mzee wa mtaa. Wasiposema, hata dawa iwe nyingi namna gani, haitafika panapotakiwa.

Ndivyo ilivyokuwa Somalia. Katika mwaka 1977 walihesabiwa wagonjwa 3,229 katika nchi hiyo. Ndui ya huko ilikuwa ya namna isiyoua sana, na labda kwa sababu hiyo watu hawakuiogopa kama walivyoogopa kutengwa na jamaa zao kambini. Basi wengine waliwaficha wagonjwa wao. Waswahili husema kwamba mficha maradhi kifo humfichua; lakini ndui ilikuwa na ubaya zaidi, maana kifo hicho chaweza kumfichua mtu mwingine asiye na hatia.

Tarehe 12 Oktoba 1977 motokaa ilifika hospitali ya Merca ikiwa na watoto wawili wagonjwa wa ndui, waliokuwa wakipelekwa kutengwa. Dereva hakujua njia. Maalin akapanda kumwonyesha, na safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache tu. Mmoja wa wale watoto, msichana wa miaka sita, alifariki baadaye. Siku chache zikapita, na Maalin akashikwa na homa. Mwanzo ikadhaniwa kuwa ni malaria, akatibiwa malaria. Vipele vilipotokea tarehe 26 Oktoba, ikadhaniwa kuwa ni tetekuwanga, akaruhusiwa kwenda zake nyumbani. Yeye mwenyewe alianza kushuku kwamba ni ndui, ila hakutaka kutengwa, akanyamaza. Mwuguzi mmoja ndiye aliyetoa habari zake.

Kwa nini mtu wa namna hiyo hakuwa amechanjwa? Baadaye alieleza mwenyewe, bila kuficha, kwamba aliogopa. Alikuwa ameona watu wakichanjwa, akadhani kwamba inauma sana. Hapakuwa na sababu nyingine kubwa. Dawa ilikuwapo, wachanjaji walikuwapo, na elimu ilikuwapo. Lililokosekana ni mtu mmoja wa kukaa naye, kumwuliza aogopa nini, na kumjibu kwa upole.

Kazi iliyofanywa Merca baada ya hapo ni mfano wa serikali na wananchi kushikana mikono. Hospitali ilifungwa isipokee wagonjwa wapya, na watumishi wake wote wakachanjwa. Walitafutwa watu waliokuwa wamekutana na Maalin, wakapatikana 161, na miongoni mwao 41 hawakuwa wamechanjwa. Askari waliwekwa katika barabara na njia za miguu, ili mtu yeyote asipite bila kuchanjwa. Nyumba zilipekuliwa moja moja. Katika muda wa majuma mawili walichanjwa watu 54,777. Maalin akapona, wala hakuna hata mtu mmoja aliyeambukizwa naye.

Miaka miwili kamili ilipokwisha bila mgonjwa mwingine, tarehe 26 Oktoba 1979, ilitangazwa mjini Nairobi kwamba Pembe ya Afrika imeokoka na ndui. Mwezi wa Mei 1980 mkutano mkuu wa afya wa mataifa ukatangaza kwamba ndui imekwisha duniani kote.

Wafugaji nao wana ushuhuda wao. Sotoka, iliyomaliza ng'ombe wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890 na kuwaacha watu na njaa, haipo tena. Dawa nzuri ya kuchanja ng'ombe ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, na Walter Plowright na wenzake, mwishoni mwa miaka ya 1950. Hata hivyo sotoka iliendelea kujificha katika nchi kavu zisizofikika kwa urahisi, mahali pasipo barafu ya kuhifadhi dawa. Baadaye ikapatikana dawa iliyoweza kukaa majuma kadhaa bila barafu, na katika sehemu za Ethiopia na kusini mwa Sudan wafugaji wenyewe wakafundishwa kuchanja. Hawa walijua malisho yalipo na wakati ng'ombe watakapopita. Tena waliaminiwa, maana walikuwa wana wa nyumbani. Sotoka ilionekana mara ya mwisho katika nyati wa mbuga ya Meru mwaka 2001, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imekwisha. Mpaka leo ndui na sotoka ni maradhi mawili tu yaliyokwisha kung'olewa kabisa duniani, na yote mawili yalimalizikia upande huu wa Afrika.

Sasa yafaa kurudi kwa Maalin, kwa kuwa habari zake hazikuishia hospitalini. Somalia ilipokuwa ikipigana na polio, maradhi ya kupooza watoto, yeye alijitoa kuifanya kazi hiyo, akaifanya kwa miaka mingi. Alisema kwamba nchi yake ilikuwa ya mwisho kuwa na ndui, na hakutaka iwe ya mwisho kuwa na polio. Alipokutana na wazazi waliokataa hakuwaita wajinga. Aliwasimulia habari zake mwenyewe, jinsi alivyoogopa na jinsi alivyougua. Mzazi aliyesikia maneno hayo hakuwa na neno la kumjibu kwamba yeye hajui woga ni nini. Polio iliporudi Somalia mwaka 2013 akarudi kazini, na mwezi wa Julai mwaka huo akashikwa na malaria, akafariki akiwa bado katika utumishi huo.

Haya yote yana maana gani kwa Kenya? Tangu mwaka 1980 nchi hii imekuwa na mpango wa taifa wa kuchanja watoto, na mamia ya maelfu ya akina mama huutumia kila mwaka. Lakini surua haikubali kazi nusu. Ili isienee, hapana budi watoto kama 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa mara mbili. Mama akileta mtoto mara ya kwanza asirudi mara ya pili, pengo limebaki. Na sababu za kutorudi aghalabu si ubishi. Kituo ki mbali. Siku ya kliniki imeangukia siku ya soko, au msimu wa palizi. Mara iliyopita alifika akaambiwa dawa imekwisha. Au alisahau kadi nyumbani, akatukanwa mbele ya wenzake, akaapa asirudi.

Magonjwa haya ya utumishi yana dawa yake, na dawa hiyo yaweza kutolewa na wenye amri. Siku ya chanjo yaweza kuwekwa baada ya kuulizana na akina mama, si kwa kufuata matakwa ya ofisi. Dawa yaweza kupelekwa sokoni, shuleni na kwenye maboma ya wafugaji. Jokofu la zahanati laweza kutengenezwa kabla dawa haijaharibika. Aliyesahau kadi aweza kuandikiwa nyingine kwa maneno mazuri. Mwaka 2023 serikali ilitoa vifaa kwa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji vyao. Hilo ni jambo jema, mradi watu hao walipwe kwa wakati na wasikilizwe warudipo na habari.

Wananchi nao wana sehemu yao. Mwalimu, karani, mhubiri, imamu na mwenyekiti wa chama cha ushirika husikilizwa kuliko tangazo lililobandikwa ukutani. Mama ambaye mtoto wake alipata homa kidogo baada ya kuchanjwa, kisha akawa mzima, aweza kumweleza jirani yake kwamba homa hiyo ni ya kawaida na hupita. Maneno machache ya namna hiyo, yakisemwa kisimani au katika foleni ya maziwa, huondoa uvumi mwingi.

Na kila mtu mwenye mtoto mdogo aweza kuanza leo jioni kwa kuitoa kadi ya kliniki mahali ilipowekwa na kuisoma. Kama kuna nafasi isiyojazwa, ampeleke mtoto kituoni juma hili. Na kama ana woga, aende nao hivyo hivyo, amwulize mwuguzi kila analotaka kuuliza.