Niliogopa Sindano ya Surua

Akina mama wenzangu, wiki chache zilizopita binti yangu alinipigia simu usiku kutoka Katoro. Mtoto wake alikuwa ametimiza miezi tisa, na kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. "Mama," akaniuliza, "ni kweli kwamba ile sindano ya surua ina ugonjwa wenyewe ndani yake?"

Nilinyamaza kidogo. Swali hilo hilo ndilo lililoniponza mimi mwaka 1992, na aliyelipa gharama yake ni huyo huyo aliyekuwa akiniuliza.

Wakati ule Geita ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mume wangu alikuwa mchimbaji mdogo. Alikwenda kwenye maduara ya dhahabu akakaa wiki mbili, tatu, bila kurudi, nami nilikaa kijijini kwa wakwe zangu. Nilikuwa na umri wa miaka 19 na mtoto wa kwanza mgongoni. Nilipoaga kwenda kliniki kwa sindano ya miezi tisa, mama mkwe akanikataza. Alisema wanachukua surua yenyewe na kumtia mtoto ambaye haumwi kitu. Jirani yetu akaongeza kwamba wa kwake alichomwa, na baada ya wiki moja akapata homa na vipele. Nani angebishana naye? Mtoto alikuwa wake, na vipele alikuwa ameviona kwa macho yake. Nilirudi ndani, nikaificha kadi ya kliniki chini ya godoro.

Mwaka uliofuata surua ilipita kijijini kwetu. Binti yangu alianza na mafua na macho mekundu, kisha kikohozi, kisha homa kali na vipele vilivyoanzia usoni vikashuka mwili mzima. Halafu akaharisha. Surua hula akiba ya vitamini A mwilini, na macho ndiyo yanayoumia. Mimi sikulijua hilo. Nilikubali atiwe maji ya majani machoni kwa siku mbili, na hapo nadhani tuliongeza madhara juu ya madhara. Tulipofika hospitalini walimpa vitamini A na kumsafisha. Alipona, namshukuru Mungu, lakini jicho la kushoto lilibaki na doa jeupe katikati, na kwa jicho hilo haoni ila mwanga.

Simlaumu mama mkwe. Alisema alichokiamini, na mkono ulioficha kadi ni wangu.

Mwaka 1996 mtoto wangu wa pili, wa kiume, alifikia miezi tisa. Ubishi ukaanza upya, nami safari hii nilikuwa nalia tu. Aliyeumaliza ni baba mkwe, mzee ambaye kwa kawaida hakuingilia mambo ya watoto wachanga hata kidogo. Alikuwa amekaa nje akisuka kamba. Akaniita: "Mayu, unadhani ng'ombe wa nyumba hii walichanjwa sotoka kwa kitu gani? Kwa sotoka."

Kwa Msukuma, neno sotoka halihitaji maelezo. Miaka ya 1890 ugonjwa huo ulipita Afrika Mashariki ukafyeka ng'ombe, katika sehemu nyingi tisa kati ya kila kumi, na njaa ikafuata. Baba mkwe aliyasikia hayo kwa babu yake. Yeye mwenyewe alipokuwa kijana aliwaona watu wa mifugo wakija na sindano, na wazee wakinong'ona maneno yale yale ya mama mkwe: wanawatia ng'ombe wazima ugonjwa. "Tukawashika pembe, wakachomwa," alisema. "Waliochomwa walibaki."

Miaka mingi baadaye, huyo mtoto wa pili akawa bwana mifugo, naye ndiye aliyenieleza jambo lilivyokuwa. Chanjo ile ilitengenezwa jirani zetu, Muguga, karibu na Nairobi, na daktari wa mifugo Mwingereza aitwaye Walter Plowright pamoja na wenzake, mwishoni mwa miaka ya 1950. Walichukua virusi vya sotoka vilivyotoka kwa ng'ombe wa Kenya, wakavikuza ndani ya chupa kwenye chembe hai za figo za ndama. Vilipozaliana, wakachukua kidogo, wakavihamishia chupa nyingine yenye chembe mpya; na tena, na tena, takriban mara 90. Virusi vikazoea maisha ya chupani, vikapoteza nguvu ya kuua ng'ombe. Lakini sura havikuibadili. Mwili wa ng'ombe ulipokutana navyo ulijifunza kupigana, na sotoka kali ilipokuja ikakuta mlango umefungwa. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999 kwa kazi hiyo.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni kwamba surua na sotoka ni ndugu. Wataalamu wanasema virusi vya surua vilichipuka zamani sana kutoka katika ukoo mmoja na vile vya ng'ombe. Mzee wangu hakulijua hilo, lakini alikuwa amefananisha ndugu na ndugu.

Na ya watoto wetu ilidhoofishwa kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1954, karibu na mji wa Boston, Marekani, daktari Thomas Peebles, aliyefanya kazi na Profesa John Enders, alichukua damu ya mvulana wa shule aliyeugua surua, jina lake la ukoo Edmonston. Virusi vyake vikahamishwa mara nyingi kutoka chembe hadi chembe, mwishowe kwenye chembe za vifaranga ambao hawajaanguliwa. Mwaka 1963 chanjo ikaruhusiwa kutumika Marekani. Mpaka leo chanjo nyingi za surua duniani ni wajukuu wa virusi vya mtoto yule mmoja.

Kwa hiyo mama mkwe na jirani hawakuwa waongo. Ndani ya sindano mna surua kweli, ila imedhoofishwa. Kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili baadhi ya watoto hupata homa na vipele kidogo, kisha huisha. Laiti mtu angenieleza hivyo mwaka 1992, badala ya kuniambia tu "haina madhara"! Kwa kuwa virusi hivyo ni hai, joto huviua. Ndiyo maana muuguzi huvitunza kwenye baridi, na chupa ikishachanganywa maji haivuki saa sita. Mjamzito hachomwi. Na mtoto aliye mgonjwa sana, au mwenye upungufu mkubwa wa kinga, lazima daktari amwone kwanza.

Wala sisemi hofu zote ni za kijinga. Matone ya polio nayo yana virusi hai vilivyodhoofishwa, na pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa vinaweza kuzunguka kwa muda mrefu mpaka vikarudia ukali. Mwaka 2023 jambo hilo lilionekana kwetu, mkoani Rukwa, kwa virusi vya namna ya pili, na watoto wakachanjwa kwa wingi ili kuvizima. Mimi naona heri mama aambiwe yote.

Sotoka yenyewe haipo tena. Mwaka 2011 ilitangazwa kutokomezwa duniani kote, na maabara zikaombwa kuharibu virusi zilivyovihifadhi au kuvikabidhi mahali pachache penye ulinzi. Maabara ya Pirbright, Uingereza, iliteketeza vyake mwaka 2019. Baba mkwe alikuwa ameshafariki.

Haya yote nilimweleza binti yangu usiku ule, kwa kirefu, mpaka salio likaisha, akapiga yeye. Kesho yake akaenda. Siku ya nane akanipigia tena, sauti ikitetemeka: mtoto ana joto.

"Ananyonya?"

"Ananyonya."

"Vipele?"

"Vichache, nyuma ya sikio."

Nikamwambia amvue sweta, amnyonyeshe mara kwa mara, ampe dawa ya homa kwa kipimo alichoelekezwa kliniki; na kama atashindwa kunyonya au atashikwa na degedege, asingoje kukuche. Sikulala. Huenda na yeye hakulala.

Siku ya pili yake jioni alinitumia picha. Mtoto ameketi kwenye mkeka, kijiko mkononi, uji mpaka kwenye nywele. Binti yangu yuko nyuma yake, anacheka, ameugeuza uso kidogo upande wa kushoto, kama anavyofanya siku zote anapopigwa picha.